Kidole cha mguu kilichopinda na kukakamaa: namna kiungo kinavyounganishwa, na wiki sita zinazofuata

Kabla ya kuzungumzia kisu, kishike kidole chenyewe. Mgonjwa akae kwenye kiti, mguu uning'inie, kisha bana kidole mbele na nyuma ya ile nundu iliyo juu ya mkunjo wake, ujaribu kukinyoosha taratibu. Kikinyooka chote, bado ni laini. Kikigoma hata ukikivuta kwa nguvu kiasi, kimekakamaa. Halafu weka dole gumba lako chini ya kanyagio, yaani sehemu ya mbele ya unyayo, nyuma kidogo ya mzizi wa kidole, usukume juu. Kidole ambacho mzizi wake uko huru kitashuka na kunyooka. Ambacho mzizi wake umekaza kitabaki kimenyanyuka vilevile. Majaribio haya mawili hayamalizi dakika mbili, na ndiyo yanayoamua sehemu kubwa ya kinachofuata. Upasuaji wa kuunganisha kiungo ni wa kidole kilichokakamaa. Kidole laini kina tiba nyingine nyepesi zaidi, na kukiunganisha ni kumnyang'anya mtu kiungo ambacho bado kinafanya kazi.

Kuunganisha maana yake ni kuondoa gegedu, ile tishu telezi inayofunika ncha za mifupa, lililo kati ya mifupa miwili, kuibananisha mifupa hiyo uso kwa uso, na kuishikilia mpaka iote na kuwa mfupa mmoja. Kiungo hicho hakitakunja tena maisha yote, na hilo ndilo kusudio lenyewe. Mgonjwa aambiwe kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Kwa mtu wa kawaida hasara hii haionekani, kwa sababu kutembea hutegemea zaidi kiungo cha mzizi wa kidole kuliko cha kati. Mkwezi wa minazi anayeng'ang'ania shina kwa vidole, au mvuvi anayejikita kwenye ukingo wa ngalawa, ataiona. Huyo azungumze na daktari kwa urefu zaidi.

Kidole kinapinda vipi

Kidole gumba kina mifupa miwili, vingine vina mitatu kila kimoja. Kwa hiyo vidole hivyo vina kiungo cha mzizi, cha kati na cha ncha. Umbo linalofanyiwa upasuaji mara nyingi ni lile ambalo kiungo cha kati kimekunjika kikatoa nundu juu, huku mzizi ukiwa umenyanyuka. Kikikunjika cha ncha peke yake, ukucha hutazama chini na ncha husugua ardhi. Vikikunjika vyote viwili na mzizi ukanyanyuka, kidole huwa kama ukucha wa kuku.

Angalia sugu ziko wapi, maana zinaeleza hadithi nzima. Sugu juu ya nundu imetokana na kiatu. Sugu kwenye ncha, chini ya ukucha, imetokana na kidole kusimama wima badala ya kulala. Sugu chini ya kanyagio inaonyesha kwamba mzizi uliopanda juu unakandamiza kichwa cha mfupa wa kanyagio kuelekea chini. Ukinyoosha kiungo cha kati bila kuushusha mzizi, sugu hii ya tatu haitaondoka, na mgonjwa ataona kazi haikufanyika.

Sababu ni nyingi: viatu vyembamba vya mbele, kidole cha pili kirefu kuliko gumba, gumba lililolala upande na kumsukuma jirani yake, baridi yabisi, jeraha la zamani, kisukari cha muda mrefu. Kwa mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ongeza ukoma. Mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kifundo, upande wa ndani, ukiharibika, misuli midogo ya unyayo hupooza. Kano ndefu (kamba zinazounganisha msuli na mfupa) zinazotoka kwenye muundi hubaki zikivuta bila mpinzani, na vidole vyote hujikunja. Mshipa huohuo ndio unaoleta hisia kwenye unyayo, kwa hiyo mguu unapinda na kufa ganzi kwa pamoja. Mtu wa namna hii haji kwa sababu ya maumivu. Huja na kidonda kwenye ncha ya kidole ambacho hakisikii.

Nani asikimbilie kupasuliwa

Kama kidole hakiumi, hakina kidonda na kinaingia kwenye kiatu, kiache. Kupasua kwa ajili ya sura tu ni kubadilisha umbo baya lisilo na shida kwa kovu, uvimbe wa miezi na uwezekano wa usaha.

Anza na viatu: kipana mbele, chenye kina, kisichobana nundu. Sugu ipunguzwe na mhudumu wa afya, si kwa wembe nyumbani, na kamwe si kwenye mguu wenye ganzi. Kidole laini kinaweza kufungwa kwa plasta ya kubandika kikalala chini, au kuwekewa kipande cha sponji. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha ncha kwenye kidole ambacho bado ni laini, mara nyingi inatosha kukata kano ya kukunja kupitia tundu dogo chini ya kidole. Ni kazi ya dakika chache, haina pini (waya wa chuma wa kushikilia mifupa), na kidonda hupata nafasi ya kufunga. Tunaipendelea sana kuliko upasuaji mkubwa kwa watu hao.

Upasuaji usubiri, au usifanyike kabisa, kwa hawa: mwenye mguu wa baridi usio na mapigo yanayoshikika juu ya unyayo wala nyuma ya kifundo, mwenye kidonda kilichooza au mfupa wenye usaha, mwenye fangasi katikati ya vidole au funza ambao hawajatolewa na matundu yao kupona, na mwenye sukari isiyotulia. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikizidi asilimia 8, itulizwe kwanza. Anayetibiwa ukoma amalize dawa zake, ambazo ni miezi 6 kwa aina yenye vimelea vichache na 12 kwa yenye vimelea vingi, kisha akae miezi sita bila mcharuko (uvimbe wa ghafla unaoletwa na kinga ya mwili kupambana na vimelea) wala maumivu ya mishipa ya fahamu ndipo afikiriwe upasuaji wa kurekebisha.

Na tumbaku. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa usiopata damu hauungi. Aache wiki nne kabla na aendelee kuacha mpaka mfupa uunge. Ugoro umo pia. Wazee wengi, na akina bibi, hujibu kwa moyo mweupe kwamba hawavuti kwa sababu swali limehusu sigara. Uliza ugoro kwa jina lake.

Kupata huduma na kuchagua mwezi

Anzia zahanati au kituo cha afya upate barua ya rufaa. Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Lindi kuna Sokoine, na za misheni ziko Ndanda na Nyangao. Piga simu kwanza uulize kama daktari wa mifupa yupo na siku gani anaona wagonjwa, maana safari ya kutoka Liwale au Nanyumbu si ya kubahatisha. Kazi ngumu zaidi, kama kurudia upasuaji ulioshindikana, inaweza kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwenye bima aulize jambo moja bayana: waya au skrubu imo kwenye malipo, au atanunua mwenyewe?

Usipange upasuaji kati ya Septemba na Desemba kama wewe ndiye unayeokota korosho zako. Pini itakaa wiki nne hadi sita, na mtu aliyeona korosho zikianguka hatakaa kitandani, hata aape. Mvua za Januari hadi Machi si kizuizi kwa mwenye sakafu ya saruji na choo cha karibu, lakini kwa nyumba ya udongo ambayo ua wake ni tope, subiri zikatike. Mwezi usio na kazi kabisa haupo. Tafuta mwezi ambao kazi yake mtu mwingine anaweza kukushikia.

Nyumbani tayarisha vitu hivi kabla ya kuondoka: mito miwili au godoro lililokunjwa la kunyanyulia mguu, magongo ambayo umeshajifunza kuyatumia, mfuko mzito wa plastiki na mipira ya kufungia wakati wa kuoga, na kiti cha choo. Hiki cha mwisho husahauliwa kuliko vyote. Kwenye choo cha shimo mtu huchuchumaa na uzito wote huenda mbele ya mguu, palepale pini ilipo. Fundi seremala atakutengenezea kiti chenye tundu kwa nusu siku. Kama hakuna, tumia ndoo yenye kiti juu yake.

Vipimo vya hospitali ni vichache: picha ya eksirei ya mguu ikipigwa mgonjwa amesimama, maana mguu uliolala hauonyeshi namna vidole vinavyokaa vikibebeshwa uzito, wingi wa damu, sukari, mapigo ya mguu, na hisia za unyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10. Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Kidole kimoja huchukua kama nusu saa. Ganzi hupigwa kwenye mzizi wa kidole au kuzunguka kifundo, ambako mishipa mitano ya fahamu hufishwa kwa muda. Kwa kidole kimoja mililita 3 hadi 4 za lignokaini ya asilimia 1 isiyo na adrenalini hutosha. Kikomo cha dawa hiyo ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mililita moja ina miligramu 10, hivyo mtu wa kilo 60 asizidishe mililita 18. Bupivakaini hukaa muda mrefu zaidi na kumsaidia mgonjwa kuvuka usiku wa kwanza. Mwenye ganzi ya ukoma au kisukari apigwe sindano vilevile, kwa sababu ganzi ya ugonjwa mara nyingi haijaenea sawasawa.

Dawa ya kuzuia vijidudu, kwa kawaida sefazolini gramu 2 kwenye mshipa, iingie ndani ya saa moja kabla ya kukata na kabla mpira wa kuzuia damu haujakazwa. Ikitolewa baada ya mpira kukazwa, haifiki mguuni. Mpira wa kifundo hujazwa hadi kama milimita 250 za zebaki. Wapo wanaotumia kidole cha glovu kilichokunjwa kwenye mzizi wa kidole. Kinafanya kazi, ila kikisahaulika chini ya bandeji, kidole hufa. Kibanwe kwa koleo kubwa linaloonekana, na kihesabiwe pamoja na pamba.

Hatua zenyewe:

Ngozi hukatwa juu ya nundu, urefu wa sentimita 2 hadi 3, au kwa umbo la jicho ili sugu iondoke pamoja na ngozi iliyozidi. Kano ya kunyoosha na mfuko wa kiungo hukatwa kwa kukingama. Kisha kidole hukunjwa, na kano fupi za pembeni hukatwa kisu kikiwa kimeng'ang'ania mfupa. Mishipa ya damu na ya fahamu imepita pembeni kabisa, na kisu kikiteleza milimita chache tu huigusa.

Kichwa cha mfupa wa kwanza, ule wa upande wa mzizi, sasa kimetoka nje. Hukatwa shingoni kwa msumeno mdogo au koleo la mifupa, milimita 3 hadi 5. Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Ukikata kidogo mno, kidole kinaponyooshwa mishipa ya damu iliyozoea kukunjika kwa miaka huvutwa ghafla, na kidole hugeuka cheupe. Ukikata kingi mno, kidole kinakuwa kifupi na kinalegea. Msumeno umwagiliwe maji ya chumvi wakati wote, kwani mfupa uliounguzwa na joto la msumeno hauungi.

Gegedu la mfupa wa pili huondolewa lote mpaka uonekane mfupa wenye vitone vya damu. Likibaki hata kipande, mahali hapo hapataunga. Nyuso mbili ziwe bapa, zikutane bila mwanya. Wapo madaktari wanaoishia kwenye kukata kichwa tu bila kugusa upande wa pili, ili kovu lijaze nafasi na kidole kibaki na mjongeo kidogo. Hiyo ni njia halali na hupona upesi, lakini kidole kilichokakamaa kwa miaka kina tabia ya kurudia kupinda, na kwa mfanyakazi wa shamba sisi tunapendelea kuunganisha.

Kifuatacho ni waya wa Kirschner, uliopewa jina la daktari wa upasuaji wa Ujerumani Martin Kirschner, aliyeanza kutumia pini za chuma za namna hiyo mwaka 1909. Kwa kidole cha pili hutumika unene wa milimita 1.6, kwa vidogo 1.2 hadi 1.4. Huanzia kwenye uso wa mfupa wa pili, hupita kiungo cha ncha kikiwa kimenyooka, na kutokea milimita 2 hadi 3 chini ya ukucha. Halafu mashine huhamishiwa upande wa nje, mifupa inabananishwa kwa mkono, na waya unarudishwa nyuma ndani ya mfupa wa kwanza. Kabla ya kuusukuma wote, tazama ukucha: uelekee juu sawa na kucha za jirani. Kidole kikiungana kikiwa kimejisokota, mgonjwa atakanyaga ukingo wa ukucha siku zote. Kikunjo kidogo cha nyuzi 5 hadi 10 kuelekea chini ni kizuri kuliko kunyooka kabisa, kwani kidole kilichonyooka wima huelea juu na kugonga kiatu.

Sasa mzizi ukaguliwe. Kanyagio lisukumwe kwa chini kama lile jaribio la mwanzo. Mzizi ukiwa bado umenyanyuka, kano ya juu irefushwe, mfuko wa juu wa kiungo ufunguliwe, na waya uvukishwe mpaka kwenye mfupa wa kanyagio. Mfupa wa kanyagio uliozidi urefu hukatwa na kurudishwa nyuma kidogo. Hatua hii ikirukwa, ndipo tunaona kidole kilichonyooka vizuri lakini hakigusi ardhi.

Kano hushonwa kwa uzi unaoyeyuka, ngozi kwa nailoni 4-0. Waya hukunjwa nje ya ncha, hukatwa na kuvikwa kofia. Mpira ulegezwe kabla ya bandeji nzito, na kila mtu atazame rangi. Kidole kinapaswa kuwa chekundu ndani ya dakika chache. Kikibaki cheupe: mguu ushushwe, kidole kifunikwe kwa kitambaa cha uvuguvugu, bandeji ilegezwe, kisha waya ukunjwe kidogo ili kidole kirudi mkunjo wake wa zamani. Hivyo vyote vikishindwa, waya utolewe hapohapo. Kidole kilichopinda na kilicho hai ni bora.

Kabla mgonjwa hajatoka, pima kwa rula urefu wa waya ulio nje ya ngozi, uandike kwenye kadi yake. Kadi hiyo itakuwa na thamani kubwa wiki ya tatu.

Wiki sita

Siku tatu za kwanza mguu uwe juu kuliko moyo, si juu ya stuli ukiwa umekaa. Amka kwa ajili ya choo na chakula tu. Maumivu mengi ya usiku wa kwanza ni ya mguu ulioning'inia. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku. Daktari anaweza kuongeza dawa nyingine. Diklofenaki isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu wala mzee mwenye presha bila kuulizwa.

Kutembea kunaruhusiwa kwa kisigino, ukiwa na kiatu kigumu cha chini kisichokunjika. Hospitali ikikosa kiatu hicho, fundi viatu achukue soli ya kandambili, aibandikie ubao mwembamba mgumu unaofika mbele ya vidole kwa sentimita 2, na aweke mikanda mipana ya kufunga. Asitumie misumari. Ubao ukiishia kabla ya ncha ya vidole, pini itagonga kila jiwe.

Safari ya kwenda nyumbani iwe kwa bajaji au gari, ukikaa upande ambao mguu unanyooka. Kwenye bodaboda vidole vinatangulia na kila anayepita anavigusa.

Bandeji ya kwanza ikiwa kavu na safi, iachwe siku 10 hadi 14, hadi siku ya kutoa nyuzi. Kuifungua kila siku zahanati ili "kuisafisha" ni kumkaribisha mdudu. Damu kidogo iliyokauka si tatizo. Ikilowa maji au ikinuka, ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kwa wanaoswali: kusujudu huku vidole vimekunjwa chini hukunja kiungo cha mzizi, na waya uliovuka mzizi huweza kupinda au kukatika ndani. Swali kwenye kiti mpaka waya utoke. Udhu usiloweshe bandeji. Kupangusa juu ya kilichofungwa ni jambo ambalo sheikh wako atakuelekeza, muulize kabla ya siku ya upasuaji usije ukababaika. Baada ya kupona, aliyeunganishwa kiungo cha kati atasujudu kama zamani.

Usikande kwa maji ya moto. Tunajua kukanda ndiyo tiba ya kwanza kwenye nyumba nyingi, na anayekukanda anakupenda, lakini maji hupitisha vijidudu kufuata waya hadi ndani ya mfupa, na mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Majivu, majani na mafuta ya taa vikae mbali. Wale waliofundishwa kuloweka miguu kila siku kwa ajili ya ukoma waloweke ule mzima tu, mpaka waya utoke na tundu lake lifunge.

Mwenye ganzi akague mguu asubuhi na jioni kwa macho yake au ya mtoto wa nyumbani: rangi ya ncha, usaha, uvimbe, urefu wa waya. Maumivu hayatamtahadharisha.

Waya hutolewa kati ya wiki ya nne na ya sita, baada ya eksirei ikiwezekana. Hakuna haja ya ganzi. Ngozi na waya husafishwa, waya hushikwa kwa koleo, huzungushwa robo kwenda na kurudi, kisha huvutwa moja kwa moja kufuata mstari wake. Huchukua sekunde chache na hutoa tone la damu. Funga kwa shashi, usiloweshe siku nzima. Bahari, mashamba ya mwani na kuchokoa pweza kwenye miamba visubiri wiki mbili zaidi, mpaka tundu liwe limeziba kabisa na ngozi kukauka.

Mambo yanapoharibika

Waya umerefuka nje kuliko ulivyoandikwa kwenye kadi: umeanza kutoka. Usiurudishe ndani, hata kama unateleza kwa urahisi, kwa sababu sehemu iliyokuwa nje imebeba vijidudu. Ufunike, panda gari uende hospitali. Ukitoka wiki ya tatu au zaidi, kidole kikifungwa kwa plasta na jirani yake mara nyingi huokoka.

Wekundu na majimaji kwenye tundu: dawa ya vijidudu ya kumeza, kwa kawaida kloksasilini miligramu 500 mara nne kwa siku, na mguu unyanyuliwe. Pasipo nafuu ndani ya siku mbili tatu, waya utolewe. Kidole kilichovimba chote, chekundu kama soseji, pamoja na homa, ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Ncha nyeusi au ya bluu isiyorudisha rangi ukiibinya: legeza bandeji sasa hivi, nyumbani hapohapo, ndipo utafute usafiri.

Mifupa isiyoungana huwa na sababu zinazojulikana: gegedu lililobaki, mfupa uliounguzwa, nyuso zisizogusana, tumbaku, au kukanyaga mapema. Hata hivyo eksirei inayoonyesha mwanya haimaanishi kushindwa. Vidole vingi hushikwa na kovu gumu badala ya mfupa, haviumi na vimenyooka. Tibu mgonjwa, acha picha. Kidole kinachouma miezi sita baadaye ndicho cha kufikiria kurudiwa, na safari hii kwa skrubu ya ndani.

Waya uliokatika ndani ya mfupa huachwa usipoleta shida. Ganzi pembeni mwa kovu ni ya kawaida. Uvimbe humaliza miezi mitatu hadi sita, kwa wengine mwaka mzima, na hilo si ugonjwa.

Kidole gumba

Gumba hubeba uzito mkubwa zaidi kila mtu anaposukuma hatua, kwa hiyo huunganishwa kwa skrubu au bamba la chuma, si waya peke yake. Kiungo chake cha ncha kikiunganishwa, kama kwa mguu uliopooza misuli, mgonjwa hutembea vizuri. Kiungo cha mzizi ni habari nyingine. Huunganishwa kwa gumba lililolala sana au lililoisha gegedu, likielekezwa nje nyuzi 10 hadi 15 na kunyanyuliwa ili ncha iguse sakafu kwa wepesi mtu akisimama. Huondoa maumivu vizuri sana, lakini gumba hilo halitakunjika kwenye sijda, na kiatu cha kisigino kirefu hakitavaliwa tena. Daktari aseme hivyo kwa maneno haya haya, mgonjwa akiwa na muda wa kwenda nyumbani kufikiria.

Viatu vya baadaye

Simama juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umevimba kiasi chake cha siku, uchore mzunguko wake kwa kalamu iliyo wima. Mpe fundi karatasi hiyo, umwambie aache nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, na kina cha kutosha ili ngozi ya juu isiguse kovu. Katambuga za matairi ni imara, lakini hushikizwa kwa misumari, na msumari ukichomoza kwenye unyayo wenye ganzi mtu huutembelea hadi jioni. Kwa huyo soli ishonwe na kugundishwa, juu yake iwekwe raba laini, na kila asubuhi mkono uingizwe ndani ya kiatu kabla ya mguu. Mguu wa pili, kama nao umepinda, usifanyiwe kazi kabla wa kwanza haujavaa kiatu hiki na kutembea bila gongo.